Nchi tajiri zinamwogopa mgeni zisiyemwalika

Mhariri,

Katika safu hii ya barua, msomaji mwenzangu mmoja aliandika hivi karibuni kwamba nchi tajiri hukataa wakimbizi kwa sababu ya uchoyo tu: zina mali nyingi na hazitaki kugawana na mtu. Mwingine akamjibu kwamba si uchoyo bali ni ubaguzi wa rangi na dini. Nawaheshimu wote wawili, na sitasema kwamba wamekosea kabisa, lakini naona maelezo yao yanapita pembeni ya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha suala lenyewe. Mkimbizi ndiye mgeni ambaye mwenyeji, kwa mujibu wa sheria, hakuachiwa nafasi ya kumchagua, na serikali za nchi tajiri zimezoea kuchagua.

Nianze na uchoyo, kwa kuwa hoja hiyo huaminika haraka. Chukua mfano wa Japani, nchi ambayo karibu asilimia 29 ya watu wake wana umri wa miaka 65 au zaidi, na ambayo viwanda, mashamba na nyumba zake za kutunzia wazee vinalilia wafanyakazi. Mwaka 2019 ilianzisha aina mpya ya viza kwa ajili ya wafanyakazi wa kigeni, na kufikia Oktoba 2023 idadi ya wafanyakazi hao wa aina zote ilikuwa imepita milioni 2. Mwaka huohuo wa 2023, watu zaidi ya 13,000 waliomba kutambuliwa kuwa wakimbizi nchini humo. Waliokubaliwa walikuwa 303, na idadi hiyo ilikuwa ya juu kuliko zote tangu nchi hiyo ianze kupokea maombi. Mwaka 2017, kati ya waombaji wanaokaribia 20,000, walikubaliwa 20. Nchi inayopokea wageni milioni 2 haiwezi kusemwa kwamba imefunga mlango. Mlango uko wazi, ila bawabu anashika orodha, na jina la mkimbizi halimo.

Nchi kadhaa tajiri za Ghuba zinafanana na Japani katika hili, ingawa zenyewe hazikutia hata saini Mkataba wa Wakimbizi. Saudi Arabia, Kuwait, Qatar na Umoja wa Falme za Kiarabu zina mamilioni ya wageni wanaojenga majengo yake na kulea watoto wake, lakini karibu kila mmoja ameingia kwa mkono wa mdhamini na anaweza kurudishwa kwao kibali kikiisha.

Hata Kanada, ambayo hutajwa kama mfano wa ukarimu, na kwa haki, haikwepi kipimo hiki. Tangu mwaka 1979 ina utaratibu unaoruhusu raia wa kawaida, mara nyingi waumini wa kanisa moja au majirani wa mtaa mmoja, kuchanga fedha na kuibeba familia ya wakimbizi kwa mwaka wake wa kwanza, na zaidi ya watu 300,000 wamefika kwa njia hiyo. Sijui nchi nyingine yenye utaratibu mzuri kiasi hicho. Lakini wakimbizi hao wamechaguliwa wakiwa ng'ambo, wamepimwa afya, wamehojiwa, kisha wakaletwa kwa ndege. Watu walipoanza kuvuka kwa miguu kutoka jimbo la New York kuingia Quebec, kwenye kijia kiitwacho Roxham Road, wakitumia mwanya uliokuwamo katika makubaliano ya mwaka 2004 kati ya Kanada na Marekani, yanayomtaka mtu aombe hifadhi katika ile aliyofika kwanza kati ya nchi hizo mbili, serikali zote mbili ziliketi na kuuziba. Kuanzia Machi 2023 makubaliano hayo yanahusu mpaka wote. Aliyealikwa aliendelea kupokelewa uwanja wa ndege, na aliyebisha hodi mwenyewe akarudishwa alikotoka.

Ili tuelewe kwa nini tofauti hiyo ina uzito, inafaa turudi kwenye sheria. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, uliosainiwa Geneva, uliandikwa kwa ajili ya watu waliohamishwa na matukio ya kabla ya tarehe 1 Januari 1951, na nchi zilizojiunga ziliweza kuubana zaidi kwa kuuhusisha na matukio ya Ulaya peke yake. Itifaki ya mwaka 1967 ndiyo iliyoondoa mipaka hiyo ya wakati na mahali. Kifungu cha 33 kinakataza nchi kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini. Hakuna kifungu kinacholazimisha nchi kwenda kumchukua mkimbizi alipo, wala hakuna kinachosema kila nchi ibebe wangapi. Kwa hiyo wajibu mzito huanza mtu anapofika, na hauna kikomo cha idadi, wakati kwa yule ambaye hajafika karibu kila kitu kinategemea hisani.

Waliouandika mkataba huo walikuwa na sababu. Mwaka 1938 wawakilishi wa nchi 32 walikutana Evian, Ufaransa, kujadili Wayahudi waliokuwa wakiikimbia Ujerumani ya Hitler. Kila nchi ilikuwa na uhuru kamili wa kuchagua, na karibu kila moja ilieleza huruma yake kisha ikaeleza kwa nini haiwezi. Jamhuri ya Dominika ndiyo iliyojitokeza kuahidi nafasi nyingi. Mwaka uliofuata meli iitwayo St. Louis, yenye abiria 937, wengi wao wakiwa Wayahudi, ilizuiwa Havana, ikakosa pa kutia nanga Marekani, na mwishowe ikageuza kurudi Ulaya. Zaidi ya 250 kati ya abiria hao waliuawa katika mauaji ya halaiki. Uhuru wa kuchagua ulikuwa umejaribiwa, na matokeo yake yalijulikana kwa kila aliyekuwa ukumbini Geneva.

Hata hivyo, sheria inayoanza mguu unapogusa ardhi ina tabia ya kuzaa werevu mwingi wa kuzuia mguu usiguse. Marekani, kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi Januari 2017, ilikuwa na kanuni kwa Wakuba iliyoitwa waziwazi kanuni ya mguu mkavu na mguu mbichi: Mkuba aliyekamatwa baharini alirudishwa, na aliyefanikiwa kufika ufukweni aliruhusiwa kubaki. Wahaiti hawakupata hata bahati hiyo ya ufukweni. Walikuwa wakizuiwa baharini tangu mwaka 1981, na mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Kifungu cha 33 hakiibani serikali katika bahari kuu. Australia ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2001, baada ya meli ya mizigo ya Norwei iitwayo Tampa kuokoa watu 433 waliokuwa wakizama, bunge lilipitisha sheria ya kuviondoa baadhi ya visiwa vya nchi hiyo katika eneo linalotambuliwa kwa maombi ya uhamiaji, na mwaka 2013 likaiondoa hata bara yenyewe kwa watu wanaofika kwa boti bila viza. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilidhani ni mzaha: nchi nzima imejitoa ndani ya yenyewe ili anayeshuka pwani asihesabiwe kwamba amefika.

Ulaya nako, Mahakama ya Haki za Binadamu iliamua mwaka 2012 kwamba Italia ilivunja sheria kwa kuwapakia watu kwenye meli zake na kuwarudisha Libya. Serikali iliyofuatia baadaye haikubishana na hukumu. Mwaka 2017 ilitia saini hati ya makubaliano na Libya, na tangu hapo boti za walinzi wa pwani wa Libya, kwa fedha na mafunzo ya Ulaya, ndizo zinazowarudisha watu.

Lakini mahali ambapo mlango hufungwa kimyakimya zaidi ni kwenye dawati la shirika la ndege. Fikiria foleni ya usiku, mizigo miguuni, na karani kijana wa shirika akifungua pasipoti ukurasa baada ya ukurasa akitafuta viza. Hajasomea sheria ya wakimbizi na hakuna anayemtaka aijue. Anachojua ni kwamba akimpandisha abiria asiye na karatasi sahihi, mwajiri wake atapigwa faini. Uingereza ilianza kutoza faini hiyo mwaka 1987, na leo ni hadi pauni 2,000 kwa kila abiria. Hakuna viza ya kwenda kuomba hifadhi Uingereza, na ombi haliwezi kuwasilishwa mtu akiwa nje ya nchi. Basi mwanamke anayekimbia vita, mwenye nauli kamili ya ndege mfukoni, anasogezwa pembeni na kijana yule kwa adabu, na fedha hiyohiyo, pengine mara kadhaa zaidi, inaishia mikononi mwa msafirishaji wa magendo. Watu huuliza kwa nini wakimbizi wanapanda boti za mpira wakati tiketi ya ndege ni rahisi kuliko hiyo safari. Jibu liko pale dawatini. Katika Bahari ya Mediterania peke yake, zaidi ya watu 25,000 wamekufa au kupotea tangu mwaka 2014.

Sasa nirudi kwenye fedha, maana najua nitaambiwa kwamba gharama ni kubwa. Ni kubwa kweli. Mwaka 2023 Uingereza ilitumia zaidi ya robo ya bajeti yake yote ya misaada ya nje kuwahudumia wakimbizi na waomba hifadhi walioko ndani ya Uingereza yenyewe, sehemu kubwa ikienda kwenye vyumba vya hoteli. Lakini tuitazame hoteli yenyewe. Mwomba hifadhi anayeishi humo anapikiwa chakula, anapewa chini ya pauni 10 kwa wiki, na haruhusiwi kufanya kazi. Akisubiri miezi 12 bila kupata uamuzi, na kuchelewa huko kusiwe kosa lake, anaweza kuomba ruhusa, na hata akiipata ataruhusiwa kazi zilizomo katika orodha maalumu tu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa sheria imemnyang'anya mgeni jembe, imechukua mwaka mzima au zaidi kusoma barua yake, kisha magazeti yanapiga kelele kwamba anakula bila kulima. Gharama hiyo haikuja na mkimbizi. Imetengenezwa na utaratibu, na wanaoutetea hawafichi lengo lake, kwamba akiruhusiwa kufanya kazi mapema wengine watavutiwa kuja.

Simaanishi kwamba wananchi wa huko hawana lalamiko la haki. Wakimbizi hupelekwa zaidi kwenye miji ambako nyumba ni za bei nafuu, yaani kwenye miji iliyokwisha kupoteza viwanda na ambako daktari na nafasi ya shule tayari ni vya kugombania, ilhali wanaotoa hotuba za ukarimu mara nyingi wanaishi kwingine. Lipo pia suala la waliokataliwa. Katika Umoja wa Ulaya, chini ya theluthi moja ya watu wanaoamriwa kuondoka huondoka kweli, mara nyingi kwa sababu nchi zao hazitaki kuwapokea au hazina serikali ya kuzungumza nayo, na mpiga kura anayeona kwamba ndiyo na hapana vina matokeo yaleyale hupoteza imani na mfumo mzima. Na ipo hofu ya usalama, ambayo haikutoka hewani: Desemba 2016 mwomba hifadhi aliyekuwa amekataliwa aliendesha lori hadi katikati ya soko la Krismasi jijini Berlin, na watu 12 wakauawa siku hiyo. Ukimwambia Mjerumani aliyeshuhudia hayo kwamba hofu yake ni ubaguzi mtupu, umeshamkabidhi kwa mwanasiasa atakayemwambia kwamba ana haki.

Wanasiasa wa namna hiyo hawajakosekana. Ujerumani ilipokea zaidi ya watu milioni moja katika mwaka 2015 na 2016, na tukitazama ajira, jaribio hilo halikuwa baya kama lilivyotabiriwa, kwani kufikia mwaka 2024 karibu theluthi mbili ya waliofika mwaka 2015 walikuwa na kazi, wanawake wakiwa nyuma sana ya wanaume. Lakini chama cha AfD, kinachopinga uhamiaji na ambacho kilishindwa kuingia bungeni mwaka 2013, kilipata asilimia 12.6 ya kura mwaka 2017 na asilimia 20.8 mwaka 2025. Uswidi, yenye watu wapatao milioni 10, ilipokea maombi 163,000 katika mwaka 2015 peke yake. Novemba ya mwaka huo serikali ilitangaza kubana masharti, na naibu waziri mkuu, Åsa Romson, alibubujikwa machozi mbele ya kamera akisoma hatua ambazo chama chake mwenyewe kilikuwa kimezipinga. Nadhani machozi yale yalikuwa ya kweli. Aliyelia hakuwa mchoyo. Alikuwa amehesabu kura, na kuhesabu ni majirani wangapi wa Ulaya waliokuwa wakimwachia mzigo.

Hoja yangu ina mtihani mmoja mkubwa, nao ni Ukraine. Tarehe 4 Machi 2022, siku chache tu baada ya uvamizi wa Urusi, Umoja wa Ulaya ulianza kutumia sheria ya hifadhi ya muda iliyokuwa imelala kabatini tangu mwaka 2001. Zaidi ya watu milioni 4 walipewa haki ya kuishi, kufanya kazi, kutibiwa na kusomesha watoto, bila kila mmoja kuketi mbele ya ofisa na kuthibitisha mateso yake. Hawa hawakuchaguliwa mmoja mmoja, na hakuna bajeti iliyovunjika. Wakati huohuo Poland, iliyofungua nyumba zake kwa Waukraine, ilikuwa ikimalizia ukuta kwenye mpaka wa Belarus, ambako miezi michache kabla Wairaki, Wasiria na Waafghani walikuwa wakisukumwa warudi msituni katika baridi.

Msomaji wa pili atasema kwamba hapo hoja yake ya ubaguzi imeshinda, na sehemu kubwa nakubaliana naye. Lakini ni vizuri kukumbuka kwamba tangu Juni 2017 raia wa Ukraine walikuwa wakiingia nchi nyingi za Umoja wa Ulaya bila viza. Hakuna karani aliyewasogeza pembeni. Ulaya ilikuwa imekwisha kuwachagua karibu miaka mitano kabla ya vita, na vita vilipokuja waliingia kwa mlango ambao tayari ulikuwa wazi. Msiria na Muafghani hawakuwahi kuwa na mlango huo hata siku ya amani. Rangi, dini, ujirani na siasa dhidi ya Urusi vilichangia wakati wa kuamua nani awekwe kwenye orodha, kama vile mwaka 1956 Wahungaria wapatao 200,000 walioukimbia utawala wa kikomunisti walivyogombaniwa na nchi za Magharibi, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa ushahidi dhidi ya adui.

Kwa nchi maskini, kuchagua hakupo. Lebanon haina dawati la ndege kati yake na Syria, wala Uganda kati yake na Sudan Kusini. Mtu akivuka mpaka kwa miguu usiku, asubuhi yupo. Ndiyo maana, kwa hesabu za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, mwishoni mwa mwaka 2024 asilimia 73 ya wakimbizi na wengine wanaohitaji ulinzi wa kimataifa walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaohamishiwa nchi ya tatu kwa mpango rasmi ni chini ya asilimia moja kwa mwaka. Marekani, iliyoongoza kwa miongo mingi katika mpango huo, ilipanga nafasi 231,700 mwaka 1980, na kwa mwaka wa fedha wa 2026 imepanga 7,500.

Na nchi tajiri ziko tayari kulipa, tena kwa wingi, ili hali hiyo ibaki ilivyo. Umoja wa Ulaya uliahidi euro bilioni 6 katika mapatano ya mwaka 2016 na Uturuki, ili wakimbizi wabaki huko. Uingereza, tangu ilipotangaza mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda mwaka 2022 hadi serikali mpya ilipoufuta mwaka 2024, ilitumia pauni milioni 700 kwa hesabu ya serikali hiyo mpya, na watu waliokwenda Rwanda walikuwa wanne, wote kwa hiari. Mchoyo hatumii fedha namna hiyo.

Kwa hiyo, Mhariri, nina ombi dogo kwa chumba chako cha habari. Katika matoleo kadhaa gazeti hili limewaita watu waliookolewa baharini "wahamiaji haramu" kabla hata hawajakauka nguo. Kifungu cha 31 cha mkataba kinasema mkimbizi anayetoka moja kwa moja mahali pa hatari asiadhibiwe kwa kuingia bila kibali, mradi ajitokeze kwa wahusika bila kuchelewa na aeleze sababu yake. Serikali zinajua thamani ya majina. Japani ilipowapokea Waukraine zaidi ya 2,000, haikuwaita wakimbizi. Ilitumia neno lake la watu waliohamishwa kwa dharura, kwa sababu neno la mkimbizi lingekuja na haki ambazo haikukusudia kuzitoa. Mtu ambaye ombi lake halijasikilizwa aitwe mwomba hifadhi. Aliyekataliwa baada ya rufaa aitwe aliyekataliwa. Lile neno "haramu" liachwe hadi mahakama iseme.

Msomaji wenu wa siku nyingi